Hodi ya Alfajiri

Kila alfajiri Bruda Anselmi aliujaribu mtambo wa redio ya misheni kwa neno moja kwenye kipaza sauti: "Hodi!" Ndilo alilojifunza kwanza alipotoka kwao Ulaya. Kisha alingoja kidogo, kama mgeni mlangoni, ingawa alijua fika kwamba mtambo hurusha sauti tu, haupokei.

"Naongea na kuta, Sista," alimwambia Sista Hilaria jana. "Nitaomba nirudi kwetu."

Leo, baada ya kuitengeneza antena iliyopindishwa na upepo, alimwachia Sista kipaza sauti, akatoka na redio ndogo kusikiliza kama matangazo yanafika mitaani.

Alikuwa nje ya ua wa Mama Tumpe, muuza vitumbua, redio za majumbani zilipokoroma, kisha Sista akasema, "Hodi!"

"Karibu!" Mama Tumpe alijibu huku akigeuza vitumbua. "Karibu, Bruda!" wakaitikia wa nyumba ya pili, na mtu ng'ambo ya njia, mswaki ukiwa bado mdomoni.

Mama Tumpe akaacha kugeuza. "Baba Tumpe, hebu sikia. Huyu siye. Bruda wetu ana nini leo?"

Nje ya ua, Bruda alizima redio yake, akasimama akiitafuta sauti ya kubishia hodi.