Nungunungu na Chanjo ya Mdondo

Miaka tisa Nungunungu alihangaika akitafuta chanjo ya mdondo, ugonjwa unaowapinda kuku shingo na kuwafyeka. Alipoipata akakimbia nayo kwa kuku, roho juu, maana barafu aliyoihifadhia ilikuwa inayeyuka, na chanjo ikipata joto haifai tena.

Jogoo akamtolea vifaranga watatu wagonjwa, wanaosinzia kwa mdondo.

"Wazima wako wapi?"

"Tumewaficha. Mzima achomwe mwiba kwa kosa gani?"

"Mzee Jogoo, chanjo ni ya wazima! Kwa hawa maji yameshamwagika."

"Waponye hawa kwanza, ndipo tukuamini."

Barafu ikaisha wakibishana. Kesho yake vifaranga wote watatu wakafa.

"Si niliwaambia hana dawa?" Jogoo akawatambia matetea. "Afadhali tuliwaficha wazima."

Akainua shingo awike. Shingo ikapinda, wala haikurudi.