Lundo Lisilokumbuka

Theopista alipewa kazi ya kuandika maelezo ya programu iliyopanga foleni ya kliniki. Ndani yake wagonjwa walikaa kama lundo: mwenye hali mbaya kuliko wenzake hupanda juu na kuitwa kwanza. Lakini tangu asubuhi alimwona mzee mmoja kwenye benchi, kofia mapajani, akipitwa na waliokuja nyuma yake wenye hali kama yake. Mmoja wao alikuwa shangazi wa Kalebi, mtunzi wa programu hiyo.

"Umemsukuma shangazi yako juu?" Theopista akamuuliza Kalebi, aliyeketi kando yake.

"Mimi? Dada, si usome mwenyewe!"

Akaisoma programu mstari kwa mstari, akimwomba Mungu amwepushe na kumsingizia mtu. Jina la shangazi halikuwamo. Ila wawili wakiwa na hali sawa, lundo halikujua nani alitangulia. Lilimpandisha yeyote tu.

"Basi nitaandika hivyo."

"Hilo liache, dada yangu. Nani atauliza?"

Kumbe Kalebi alikuwa akijua. Theopista akaandika: "Wakilingana, aliyetangulia hakumbukwi." Kalebi akanyoosha kidole kuelekea kitufe cha kufuta. Nje, kipaza sauti cha kuitia wagonjwa kilikwaruza, na mzee akanyanyuka kidogo kwenye benchi, akisikiliza.