Majina ya Waliomkataa

Tangu daktari amwambie kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukaza miguu, na kwamba ndiyo kwanza umeanza, Mzee Kizito aliuogopa mlango wa uani. Kila alipoufikia, miguu iligoma kabisa kuinuka. Mtaalamu wa mazoezi alimshauri atembee huku akiipa akili kazi, ili mwili na ubongo vizoee kusaidiana.

Asubuhi hiyo mkewe, Mama Edna, alimshika mikono yote miwili akaanza kurudi kinyumenyume.

"Haya, inua magoti. Na unitajie wasichana wote waliokukataa kabla yangu."

"Mama Edna! Kwa umri huu?"

"Taja, Baba Edna. Ndiyo dawa yenyewe."

Mzee akainua goti. "Veronika, binti wa fundi saa." Akainua la pili. "Sesilia, yule mwenye baiskeli. Halafu dada yake Sesilia."

"Na dada yake pia?"

"Huyo alinikataa mara mbili."

Walicheka hadi machozi yakawatoka. Mzee alipotazama chini, alikuta amekanyaga mchanga wa uani, na mlango uko nyuma yake.

"Sasa zamu yako," akasema. "Wewe ulimkataa nani ukanichukua mimi?"

Mama Edna akafungua kinywa, kisha akasita, miguu yake ikasimama palepale. Mzee Kizito hakumwachia. Alipiga hatua moja kumsogelea, akasubiri jina.