Doa la Mafuta

Siok-hun alikuwa amesimama ndani ya darasa lile lile ambalo simu yake ilisema limefungwa, na kura zote zilizopigwa humo zimechomwa moto.

Akaitazama video, akalitazama darasa. Kwenye simu moshi ulifuka. Hapa palinuka chaki tu. Karani alitoa karatasi moja ya kura sandukuni, akaiinua juu kila mtu aione, akapaza sauti: "Namba mbili!" Mwenzake akachora mstari wa hesabu ukutani.

"Dada, bado hujaungua tu?" jirani yake akamtania.

"Niache bwana. Hii ni video ya nane leo."

"Ile ya kwanza uliitazama mpaka mwisho, siyo? Basi simu imeshaujua ulafi wako."

Simu ikatetemeka. Lilikuwa kundi la wanawake wenzake wa hekaluni, mia mbili na ushei: "Dada, si uko huko? Ni kweli wanachoma? Tuje na fimbo?"

Kidole gumba kikasogea kwenye kitufe, awarushie ile video.

"Namba moja!"

Karatasi iliyoinuliwa ilikuwa na doa pembeni, na mwanga wa taa ulipenya hapo kama kwenye kidirisha. Doa la mafuta, upana wa kidole gumba. Asubuhi yeye mwenyewe alikuwa ametoka kukaanga chapati za vitunguu, akakimbilia kupiga kura bila kunawa.

Siok-hun akakitazama kidole chake. Kwenye simu, moto ukaanza kuwaka upya.

"Njooni," akawaandikia. "Fimbo acheni. Mje na miwani."