Zamu Nyumbani kwa Mapafu

Jirani anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Mwanamume wa kwanza aliingia mchana, akatoka. Wa pili akaingia alasiri, akatoka. Wa tatu jioni. Na mke wa mtu akawa anawasindikiza mpaka mlangoni, anajisugua bega, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Muda wote huo, anasema, mume yumo chumbani, anahema kama msumeno kwenye mti mbichi, mpaka ukuta unasikia.

"Kuna wanawake wana roho ngumu," alimwambia muuza mkaa. "Mume anahangaika na pumzi hapohapo."

Jirani alikuwa mgeni. Alihamia mwezi huo, na kati yake na nyumba ile ni ukuta wa mbao tu. Hakuna aliyemweleza kitu, na yeye hakuuliza. Alisikia, akajumlisha.

Muuza mkaa alipomwambia kwamba wale ni klabu ya kodiani, jirani alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wapiga kodiani gani hao wanaokuja mikono mitupu? Na mbona haujasikika hata wimbo mmoja?

Kweli walikuwa klabu. Kila Jumamosi walikutana chumba cha nyuma kwa kinyozi: kinyozi mwenyewe, seremala, fundi viatu, na Mapafu aliyewafundisha wote. Walipiga nyimbo za harusi na za msiba, wakagombana nani kaharakisha, wakapatana, wakaanza upya. Seremala aliambiwa anapiga kodiani kama anayekamua ng'ombe aliyekauka. Mapafu hakuruhusu mtu aanze wimbo kabla ya kuliacha sanduku lipumue: unabonyeza kitufe cha hewa, unavuta mivukuto, unairudisha taratibu, ndipo unapiga. Lile jina la Mapafu walimpa wao, maana hakuna aliyevuta kwa urefu kama yeye. Utani huo uliisha siku kifua kikuu kilipomkohoza damu kwenye kinu cha unga alikofanya kazi.

Nyumbani alikuwa na mke na mama. Mama haoni, na miguu ilishamkatalia; kutwa yuko kitandani, na kitanda chake na chumba cha mwanawe vinatengwa na pazia. Watoto wawili alikwisha kuwazika. Mapafu alipopelekwa hospitali, mama alimwambia mkwewe bila kupandisha sauti: "Huyu naye akinitangulia, chimbeni mashimo mawili."

Hakuwa anatania. Alikataa chakula, akakataa na maji, akageukia ukuta. Midomo ilikwisha kupasuka siku aliposikia pumzi nyuma ya pazia, nzito, yenye kukwama kidogo mwishoni. Siku hiyo alikunywa uji, akaomba na wa pili.

Mkwewe akampa masharti ya daktari. Mgonjwa asiongee, kifua hakitahimili. Na mama asimsogelee, ugonjwa huu unawashika wazee upesi. Mama akakubali yote, yeye alitaka ile pumzi tu. Ikikatika kidogo, anauliza kuna nini. Ikirudi, analala.

Kwa hiyo klabu ilikaa kikao, ikapangiana zamu, ili chumba kile kisikae kimya mama akiwa macho. Fundi viatu mchana, seremala alasiri, kinyozi jioni. Usiku ni mke, mpaka mama apitiwe na usingizi. Jumamosi hawakukutana tena. Seremala alisema mikono yake imechoka, na safari hii hakuna aliyemtania.

Siku moja, jikoni, mke alimwambia kinyozi kwamba haoni jambo hili litaishia wapi. Kinyozi alitazama sufuria kwanza.

"Shemeji, mama leo amekula?"

"Amekula."

"Basi."

Jirani ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Mke alipokwenda bombani, aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama, akammwagia yote: wanaume, kupokezana, bega linalosuguliwa. Nyuma ya pazia pumzi ilisita, kisha ikaendelea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Hao ni wanangu wa klabu," alisema. "Wanamkalia mwenzao."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Kakatazwa kusema. Mimi nimekatazwa kumsogelea, nisije nikaambukizwa."

Jirani akaguna. Dada yake aliugua kifua hichohicho, akaeleza. Alipokunywa dawa wiki chache, hakukuwa na shida tena, walikula naye na kulala naye. Nani huyo anayemzuia mzazi asimguse mtoto wake?

"Mama, wewe unadanganywa ndani ya nyumba yako."

Ndoo ikagonga mlangoni. Jirani akaaga, akapishana na mke, akamwamkia vizuri tu.

Jioni kinyozi alishika zamu yake. Mke aliweka bakuli karibu na mama, akarudi jikoni. Mama hakuligusa. Alijivuta kwa viwiko mpaka mwisho wa kitanda, akapapasa hadi akalipata pazia, akapenyeza mkono upande wa pili.

"Mwanangu," alisema. "Sikuambii useme. Nishike mkono tu, nijue upo."

Kinyozi alikuwa peke yake, juu ya kitanda kilichotandikwa, kodiani ya marehemu Mapafu mapajani, kidole gumba kwenye kitufe cha hewa. Akavuta mivukuto, akairudisha, akavuta tena, na mkono wa mama ukabaki palepale, kiganja juu, ukingoja.