Dakika Mbili Bila Mashine

"Maneno mawili mawili, mume wangu," mkewe alimkumbusha, akimpangusa jasho. "Daktari keshafika."

Tarumbeta alifumba macho kuonyesha amesikia. Jina hilo alilipata kwenye bendi ya manispaa, ambako aliweza kushikilia mlio mmoja hadi wasikilizaji wakahema kwa niaba yake. Kisha akaanguka jukwaani, shingo ikavunjika, na kwa miaka mitatu mashine iliyo kando ya kitanda ndiyo iliyompumulia, kupitia bomba la shingoni. Mlangoni ilibandikwa barua ya shirika la umeme: mtaa huu usikatiwe umeme maadamu mgonjwa yuko kwenye mashine.

Daktari aliingia na chaja mkononi. "Samahani, mama, nichomeke simu. Kwangu giza tangu juzi."

"Chomeka tu, daktari. Hapa hapakatiki."

Miezi minane nyuma, daktari alichukua seli puani mwa Tarumbeta, akaziotesha maabara, akazipandikiza shingoni ili ziunganishe upya mishipa ya fahamu inayoendesha pumzi. Uprofesa wake ulikuwa unasubiri matokeo. Mara mbili amempima, mara mbili ameambulia patupu. Leo ilikuwa ya mwisho.

"Panya kumi na wawili niliwafanyia hivi, wote wanapumua," alilalamika. "Dakika mbili tu, mzee wangu, nami naondoka na hii mashine. Usiniangushe."

Mashine ilishusha pumzi, Tarumbeta akapata nafasi ya maneno mawili. "Panya hawana..." Akangoja ishushe tena. "...majirani, daktari."

Daktari alitazama dirishani. Kweli, majirani walijaa. Kinyozi, mchomelea mageti na miwani yake usoni, mwenye bucha na aproni yenye damu, mama wa barafu. Wote walikuwa wamefunga kazi.

"Unapendwa," daktari alisema. "Haya, wafurahishe."

Akachomoa bomba, akabonyeza saa.

Kifua hakikutikisika. Sekunde thelathini. Sitini. Mishipa ya paji ikasimama kama kamba. Kidude cha kupima oksijeni kidoleni kikaanza kulia. Nje, mwenye bucha alivua kofia. Midomo ya mama wa barafu ilicheza dua.

"Vuta, mzee! Vuta!"

"Daktari, utaniulia mume!"

Sekunde ya tisini bomba lilirudishwa. Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Seli zimekufa," alisema. Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari, akachomoa simu yake, akatoka.

Majirani walimpisha, vichwa chini kama wako msibani. Kinyozi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, daktari. Ulijitahidi. Kazi ya Mungu haina makosa."

Gari lilipokata kona, vigelegele vikapasua mtaa. Cheche zikaruka kwa mchomelea mageti. Msumeno wa bucha ukaanza kunguruma.

Ndani, mke alizima mashine, akaziba tundu la shingoni kwa kizibo, akamsogezea mumewe kikombe cha chai.

"Puliza mwenyewe," alisema. "Ni ya moto."

Tarumbeta akajaza kifua, akapuliza, hadi nusu ya chai ikarukia ukutani.