Mpaka Barabarani

Karimu alikuwa ameaga mara mbili, na bado alikuwa kwenye kochi.

Alifika saa tano, Jumamosi, barabara za mtaa wa Mutakura ndiyo kwanza zimefunguliwa baada ya kazi za pamoja za usafi. Houda, binti aliyemtaka, alikuwa sokoni, lakini Karimu alikuta chai ya moto mezani. Akainywa, akaisifu, akajibu maswali yote ya Bibi Sijaona: swala anaswali, pombe hanywi, mke mwingine hana. Bibi akatabasamu. Houda ni wake, kesho wazee walete posa.

"Basi Bibi, naomba ruhusa niende."

"Ruhusa unayo. Ngoja nikusindikize."

Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Kwa ukoo ule, mchumba aliyesindikizwa na mkubwa wa nyumba mpaka barabarani amekubaliwa. Aliyeondoka peke yake amekataliwa, hata kama ameshiba sambusa. Houda alikuwa amemwonya mapema: asitoke bila kusindikizwa, hata jua lizame. Na Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka barazani mpaka uwanjani kulikuwa na ngazi tatu, getini kizingiti, na nje ya geti mtaro.

"Nitakubeba, Bibi."

"Apana. Mi si mufuko wa muhogo. Kwenye hii baraza watu wamebebwa ya kutosha."

"Basi nisindikize mpaka hapa mlangoni tu. Nia ndiyo inahesabiwa."

"Sawa. Na mi kesho nitakupatia bibi-arusi wa nia."

Bibi akajaribu kusogea. Akatafuta breki upande wa kushoto, akaikuta upande wa kulia. Pini zilizochomekwa kwenye kitambaa cha mkono wa kiti zikamchoma, akanyonya kidole.

"Hebu nikumbushe, we kazi yako ni nini?"

Karimu akajinyoosha. Akasema yeye ni injeniyeri, anachora majengo ambayo kila mtu anaingia mwenyewe, mwenye miguu na asiye nayo, anayeona na asiyeona. Wiki iliyopita tu alitoa semina kwenye hoteli moja kubwa, picha zake zikaoneshwa ukutani, watu wakapiga makofi.

"Na hiyo hoteli ina ngazi ngapi mulangoni?"

Karimu akafikiri. "Kama saba."

"Mungu awabariki waliopanda."

Kwenye chumba cha pili, baraza ileile, cherehani ya Khadidja, jirani mshonaji, ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Majirani wote walikuwa wamekuja kumtazama mchumba, isipokuwa huyo. Yeye alimwamkia Karimu kupitia pazia, kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Saa sita Karimu akaaga tena. Saa saba, tena. Houda akarudi na kikapu chake, akamtazama, akakatiza uwanja kwenda jikoni upande wa pili, mtandio mdomoni. Karimu akawaza kuruka ukuta. Akawaza wazee wake kesho, wamefunga vifungo vya kanzu, wanaambiwa getini kwamba mtoto wenu tulimkataa jana. Akavua koti.

Murhula, fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara, akaitwa kupitia juu ya ukuta. Akaja na bati nene na vyuma, akalilaza bati kutoka barazani mpaka chini, moja kwa moja, akakung'uta mikono. Bibi akalitazama.

"Hii ni ya kushusha mutu ama ya kumutupa?"

Karimu alijua mteremko unavyotakiwa. Ilikuwa picha ya tatu kwenye semina yake: kwa kila kiganja kimoja cha kupanda, viganja kumi na viwili vya kwenda. Uwanja ulikuwa mfupi, kwa hiyo ikabidi njia ipinde penye pipa la maji, ipumzike hapo, ndipo ishuke tena. Mtaka cha uvunguni huinama, naye akainama, suruali nyeupe vumbini, akipima. Akiwa hapo chini aliziona kandambili za Bibi, soli zimelika kisigino, tope bichi pembeni. Aliziona, lakini akili ilikuwa kwenye vipimo.

"Iwe na upana gani, Bibi?"

"Upana wa kiti, na viwiko vya mwenye kiti." Akageukia pazia. "Khadidja, we ndiye mushoni. Sentimita ngapi?"

"Mia," pazia likajibu. "Na ukingo huku na huku, gurudumu lisiponyoke."

Ukingo ukawekwa. Kizingiti kikakatwa. Mtaro ukapata daraja. Murhula alipozima mashine yake, jua lilikuwa limeegemea milima ya Kongo, na Karimu alinuka moshi kama muuza mishikaki.

Bibi akashuka. Karimu alitangulia kinyumenyume, mikono ameitandaza kama anayefundisha mtoto hatua za kwanza. Wakapita pipa, wakapita geti, wakavuka mtaro, magurudumu yakagusa barabara. Bibi akampa mkono mbele ya Murhula na wapita njia wote.

"Umesindikizwa, mukwe wangu. Wazee waje."

Karimu akashusha pumzi aliyoishika tangu saa tano.

Bibi Sijaona akasimama. Akanyoosha kiuno, akakaza kitenge chake, akakigeuza kiti kitupu na kuanza kukisukuma kurudi ndani, kwa hatua ndefu za mtu anayewahi sokoni.

"Khadidja," akaita, "acha hiyo cherehani. Kiti chako kinapanda, na leo we ndiye utanisindikiza."